Mita za Mwisho: Meli ya Biashara Inapopelekwa Kuvamia Pwani

Mwaka 1930 na 1931 kampuni ya British India iliingiza katika safari za Bombay, Afrika Mashariki na Durban meli mbili ndugu zilizoundwa Glasgow, Kenya na Karanja. Zilikuwa meli za abiria na shehena, zenye vyumba vya madaraja tofauti na ngama (vyumba vya shehena tumboni mwa meli) za kutosha mizigo ya biashara ya Bahari ya Hindi. Alfajiri ya tarehe 5 Mei 1942 zote mbili zilikuwa katika maji ya magharibi ya ncha ya kaskazini ya Madagascar, zikishusha boti zilizojaa wanajeshi wa Uingereza waliokwenda kuuteka mji wa bandari wa Diego Suarez kutoka mikononi mwa utawala wa Vichy, yaani serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Ujerumani. Karanja ilikuwa bado na jina lake. Kenya ilikuwa sasa inaitwa Keren, kwa sababu jeshi la majini la Uingereza lilikuwa tayari na manowari iliyoitwa Kenya, na meli mbili za kivita haziwezi kujibu jina moja katika mawasiliano ya redio.

Mageuzi ya namna hiyo yamewavutia wapangaji wa vita wa kila kizazi, na si vigumu kuona sababu. Manowari iliyokusudiwa tangu mwanzo kushusha majeshi pwani huchukua miaka kuundwa, ilhali meli ya biashara ipo tayari, inaelea, injini zake zimekwisha kujaribiwa na nahodha wake anaijua tabia yake katika bahari chafu. Ndiyo maana tathmini nyingi za nguvu za mataifa ya baharini huanza na kuishia kwenye hesabu ya meli: zipo ngapi, zina tani ngapi, zinaweza kubeba wanajeshi wangapi na magari mangapi. Hoja yangu ni kwamba hesabu hiyo hukomea pale ambapo kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Kinachoamua kama meli ya biashara itafaa katika uvamizi wa pwani ni mita chache kati ya ubavu wake na mchanga mkavu, pamoja na mpangilio wa vitu vilivyomo tumboni mwake, na yote mawili hayaonekani kwa mtu anayehesabu meli akiwa mbali.

Meli ya biashara imeumbwa kwa ajili ya gati. Umbo la mkuku wake, yaani uti wake wa chini, urefu wa ubavu wake kutoka majini, mahali zilipo kreni zake na ukubwa wa milango ya ngama zake vyote vinachukulia kwamba mwisho wa safari kuna maji ya kina, ukuta wa zege, makuli, maghala na barabara. Ukiiondolea gati, umeiondolea nusu ya mwili wake. Anayeigeuza kuwa meli ya kuvamia pwani anapaswa kuitafutia nusu hiyo nyingine na kuibeba ndani ya meli yenyewe, tena katika hali ambayo adui anapiga risasi na bahari haijatulia.

Kazi huanzia kwenye boti. Meli ya abiria ina boti za kuokolea watu, zimening'inizwa kwenye mikono ya chuma ambayo mabaharia huiita daviti. Lakini boti ya mashambulizi ya Uingereza ya wakati wa Vita Kuu ya Pili ilibeba kiasi cha wanajeshi 35 na silaha zao, na ikiwa imejaa ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 10. Daviti za kawaida haziwezi kuhimili uzito huo. Ilibidi ubavu wa meli uimarishwe, daviti mpya zifungwe, winchi zenye nguvu ziongezwe, na uzito wote huo uliowekwa juu ufidiwe kwa uzito mwingine chini ili meli isije ikayumba kupita kiasi. Hapo mhandisi wa meli hugundua kwamba kila anachokiongeza juu kinadai kitu kingine chini, na kwamba nafasi ya abiria 1,000 iliyoandikwa kwenye karatasi inazidi kupungua kila siku kiwandani.

Jinsi wanajeshi walivyoingia kwenye boti hizo nayo ilitofautiana. Waingereza walipendelea kuwapandisha boti ikiwa bado imening'inia usawa wa sitaha, kisha kuishusha na watu wake wote. Wamarekani, kwa sehemu kubwa, walishusha boti tupu na kuwateremsha watu kwa nyavu za kamba zilizotandazwa ubavuni. Mwanajeshi alifundishwa kushika kamba za wima kwa mikono na kukanyaga za mlalo kwa miguu, kwa kuwa akishika ya mlalo aliye juu yake angemkanyaga vidole kwa buti. Alifundishwa pia kufungua ukanda wa kofia ya chuma na kulegeza mzigo mgongoni, ili akianguka majini asizame nao. Chini yake boti ilipanda na kushuka na mawimbi, na alipaswa kuuachia wavu wakati boti inapopanda, si inaposhuka, maana anayekosea huanguka urefu wa ghorofa nzima au husagwa kati ya vyuma viwili. Mafunzo hayo hayamo katika hesabu ya tani. Yanahitaji majuma ya mazoezi, na yanahitaji meli ileile na boti zilezile, kwa sababu kila meli ina urefu wake na kila boti ina tabia yake.

Baada ya boti huja suala la shehena, na hapa ndipo ninapotaka msomaji anivumilie, kwa sababu ndilo jambo linalopuuzwa kuliko yote. Katika biashara, mpakiaji hodari ni yule asiyeacha hata upenyo: mizigo mizito chini, miepesi juu, vya umbo moja pamoja, mpaka ngama ijae kabisa. Katika uvamizi, mpakiaji hodari ni yule anayepakia kinyumenyume. Risasi, maji ya kunywa, dawa na redio zitakazohitajika katika saa ya kwanza huingia mwisho ili zitoke kwanza, hata kama kufanya hivyo kunaacha theluthi ya ngama tupu. Kila kikosi kinakaa meli moja na vifaa vyake, ili meli nyingine ikizama kisibaki na mizinga isiyo na makombora. Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani anayekwenda nyuma na mbele ya chombo mwishowe hurudi tumboni mwake. Na kweli, maafisa wanaweza kupanga mashambulizi juu ya sitaha kwa ramani nzuri, lakini mwishowe wote hurudi kwenye swali la nini kimelaliwa na nini ngamani.

Mwezi Julai 1942 Wamarekani walijifunza jambo hilo kwa jasho katika bandari ya Wellington, New Zealand. Divisheni ya Kwanza ya Wanamaji wao ilikuwa imesafirishwa kutoka Marekani kwa upakiaji wa kibiashara, kwa matumaini kwamba ingepata miezi ya mazoezi kabla ya kupigana. Badala yake ikapewa amri ya kwenda Guadalcanal, kisiwa cha Pasifiki kilichokuwa mikononi mwa Wajapani, baada ya majuma machache. Ikabidi meli zipakuliwe zote na kupakiwa upya kwa mpangilio wa vita, katika gati lenye nafasi finyu, na kazi hiyo ikafanywa na wanajeshi wenyewe kwa zamu za usiku na mchana. Ilikuwa majira ya baridi ya kusini na mvua haikukatika. Makasha ya karatasi ngumu yaliloa na kupasuka, vyakula vya nafaka vikamwagika gatini na kugeuka uji uliokanyagwa na malori, lebo za vifaa zikabanduka zisisomeke. Kila mtu aliona kwa macho yake kwamba kifungashio kinachofaa dukani hakifai vitani. Magari mengi na sehemu ya mahema na mizigo binafsi viliachwa nyuma kwa kuwa havikupata nafasi.

Tarehe 7 Agosti 1942 meli hizo zilifika Guadalcanal na Tulagi. Nyingi ya zile za kusafirisha wanajeshi zilikuwa meli za biashara za jana. George F. Elliott iliwahi kuwa meli ya abiria kwa jina la City of Los Angeles, na McCawley, iliyombeba kamanda wa kikosi cha uvamizi Richmond Kelly Turner, iliwahi kuitwa Santa Barbara. Wanajeshi walishuka Guadalcanal bila upinzani mkubwa, na hiyo ilikuwa bahati, kwa sababu mkwamo haukuanza pale waliposhuka watu bali pale iliposhuka mizigo. Waliopangiwa kupakua ufukweni walikuwa wachache mno. Boti zilifika zikiwa zimejaa, zikakuta mchanga umefunikwa na makasha, zikasubiri zamu yao majini huku winchi za meli zikiendelea kushusha mengine. Siku ya pili ndege ya Kijapani iliigonga Elliott, ikaungua na kupotea. Usiku uliofuata manowari nne za washirika zilizamishwa karibu na kisiwa cha Savo, na tarehe 9 Agosti Turner akaziondoa meli zake zikiwa bado na sehemu kubwa ya shehena ndani. Wanajeshi waliobaki nchi kavu walikula milo miwili kwa siku, wakitumia na mchele walioukuta kwenye kambi za Wajapani, na seng'enge walizokuwa nazo kwa ulinzi wa eneo lote zilikuwa rola 18 tu. Nyingine zilikuwa zimerudi baharini, zimelala ngamani mwa meli zilizokuwa salama na zenye nafasi ya kutosha.

Wapo wanaosema kwamba dawa ya mita za mwisho ni kuipandisha meli yenyewe ufukweni. Wazo hilo si la kijinga, na lilijaribiwa kwa ujasiri usioelezeka tarehe 25 Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, huko Gallipoli, rasi ya Uturuki. River Clyde ilikuwa meli ya kubebea makaa ya mawe, iliyoundwa mwaka 1905. Kwa pendekezo la nahodha Edward Unwin wa jeshi la majini la Uingereza, meli hiyo iligeuzwa kwa siku chache: milango ikakatwa katika bamba za chuma za ubavuni, njia za mbao zikafungwa kutoka milango hiyo kuelekea omo, na bunduki za rashasha zikawekwa mbele nyuma ya mifuko ya mchanga. Ndani walijazwa wanajeshi wapatao 2,000, wengi wao wa vikosi vya Munster na Hampshire. Meli ingekwenda moja kwa moja hadi mchanga wa Sedd el Bahr, na chombo kidogo cha mvuke kingetangulia mbele yake kuwa daraja.

Meli ilikwama mahali pake pasipo mtikisiko mkubwa, lakini mchanga mkavu ulikuwa bado mbali, na kile chombo cha kuwa daraja kilikwenda kombo. Ukabaki mwanya wa maji kati ya omo na nchi kavu. Unwin akashuka majini na baharia William Williams, wakavuta matishari (vyombo bapa vya mizigo) mawili kwa mikono na kuyashikilia kwa kamba, wakiwa wamesimama katika maji, ili wanajeshi wapate pa kukanyaga. Waliotoka kwenye milango ya ubavuni walipigwa risasi wakiwa bado kwenye njia za mbao. Walioruka majini walizamishwa na uzito wa mizigo yao. Williams aliishikilia ile kamba mpaka alipouawa. Hatimaye kushuka kukasimamishwa, na mamia ya watu wakashinda siku nzima ndani ya tumbo la meli, wakilindwa na mabamba yaleyale ya chuma ambayo yangetumika kukinga makaa ya mawe. Giza lilipoingia wakashuka karibu bila kupoteza mtu.

Nimeisoma habari ya siku ile mara nyingi, na kila mara ninarudi kwenye kamba ile. Mpango mzima wa kuwapeleka watu 2,000 ufukweni kwa mkupuo mmoja, pamoja na meli yenye maelfu ya tani, uliishia kutegemea kiganja cha baharia mmoja aliyesimama katika maji ya kifuani. Hakuna kasoro ya ujasiri hapo, wala ya akili. Kasoro ilikuwa kwamba meli ya makaa ya mawe haina namna yake yenyewe ya kuvuka mwanya ule, na kitu kilichowekwa badala ya namna hiyo kilikuwa kimoja tu, hivyo kilipokosea njia hapakuwa na kingine.

Wajapani walilipia somo hilohilo mwezi Novemba 1942, tena Guadalcanal. Msafara wa meli 11 za uchukuzi ulitumwa kuongeza nguvu kisiwani. Ndege za Marekani zikazamisha sita na kuilazimisha moja iliyoharibika kurudi, nayo ikazama baadaye. Nne zilizobaki, Kinugawa Maru, Hirokawa Maru, Yamaura Maru na Yamatsuki Maru, zilipandishwa kwa makusudi ufukweni Tassafaronga usiku wa kuamkia tarehe 15. Zilifika, na kwa maana ya ramani mpango ulitimia. Lakini meli iliyokwama mchangani haikimbii, na kupakua shehena kwa kreni za meli na boti ndogo kulihitaji saa ambazo hazikuwepo. Kulipopambazuka mizinga na ndege zikaziteketeza pamoja na chakula na risasi zilizokuwa zimerundikwa ufukweni. Vyuma vya Kinugawa Maru vimebaki katika maji yale kwa miongo mingi baada ya vita.

Mageuzi yaliyonishawishi zaidi kwa ubunifu wake yalihusu meli tatu za mafuta, Misoa, Tasajera na Bachaquero. Ziliundwa kwa ajili ya ziwa Maracaibo nchini Venezuela, ambalo lango lake lina maji machache, na kwa hiyo zilikuwa na matumbo bapa yasiyozama sana. Waingereza walipotafuta chombo kikubwa cha kuwapeleka vifaru ng'ambo ya bahari na kuwashusha ufukweni, waliona kwamba hapa biashara yenyewe ilikuwa imekwisha kutatua nusu ya tatizo. Walikata omo, wakaweka mlango mkubwa na daraja la kushukia. Bachaquero ilikuwepo Madagascar siku ileile ya Keren na Karanja, na hata yenyewe ilichelewa kupata ufukwe wenye mteremko uliofaa kushushia magari yake. Ila somo lake lilichukuliwa kwa uzito: meli za kushusha vifaru zilizofuata ziliundwa tangu mwanzo kwa kazi hiyo, na Marekani peke yake iliunda zaidi ya 1,000. Waliofanya mageuzi hayo vizuri kuliko wengine ndio walioona mapema kwamba hayatoshi.

Ujerumani ilikwenda njia ya pili. Katika kiangazi cha mwaka 1940, kwa ajili ya kuivuka Channel, mlangobahari kati ya Ufaransa na Uingereza, na kuivamia Uingereza, ilikusanya matishari ya mitoni yapatayo 2,400 kutoka Rhine na mifereji ya Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa. Sakafu zake zilimiminiwa zege na omo zikakatwa ili kuwekwa njia za kushukia. Kiasi cha theluthi moja tu kilikuwa na injini. Mengine yote yangevutwa kwa kamba, polepole, katika bahari yenye mikondo mikali, na kuondolewa kwake mitoni kulibana uchukuzi wa makaa ya mawe na bidhaa nyingine za viwanda. Uvamizi huo haukufanyika. Idadi ile kubwa, hata hivyo, inaendelea kutajwa kana kwamba ilikuwa nguvu.

Kuna udhaifu mwingine ambao rangi ya kijivu haiufichi. Manowari hugawanywa ndani kwa kuta nyingi zisizopitisha maji, na wafanyakazi wake hufundishwa kuzima moto na kuziba matundu. Meli ya biashara hupendelea nafasi pana zisizokatizwa, kwa kuwa kila ukuta ni kikwazo cha shehena. Khedive Ismail ilikuwa meli ya abiria iliyoundwa mwaka 1922 na kutwaliwa kwa kusafirisha wanajeshi. Iliondoka Mombasa Februari 1944 kuelekea Colombo ikiwa na zaidi ya watu 1,500, wakiwemo mamia ya wanajeshi wa mizinga kutoka Afrika Mashariki na wauguzi wa kike. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili, na ikazama kwa muda wa dakika zipatazo mbili. Walikufa watu 1,297. Haikuwa katika uvamizi, wala haikuwa karibu na ufukwe wowote. Nimeitaja kwa sababu kila meli ya uvamizi lazima kwanza ivuke bahari, na kwa sababu dakika mbili hazimtoshi mtu aliye sitaha ya chini hata kuifikia ngazi.

Uingereza ilikumbuka hatari hiyo mwaka 1982, ilipozitwaa meli za biashara kwa ajili ya kuvikomboa visiwa vya Falkland kutoka kwa Argentina. Canberra, meli ya starehe ya zaidi ya tani 40,000, ilifika Southampton tarehe 7 Aprili na kuondoka tarehe 9, mafundi wakiwa wamekwisha kuiwekea majukwaa ya helikopta, ikiwa na vikosi vitatu kamili. Kasi hiyo husifiwa, na inastahili. Lakini tarehe 19 Mei, siku mbili kabla ya uvamizi wa San Carlos, vikosi viwili kati ya hivyo vitatu vilihamishwa katikati ya bahari kwenda kwenye meli mbili zilizoundwa mahsusi kwa mashambulizi ya pwani, Fearless na Intrepid. Makamanda hawakuwa tayari kuona vikosi vitatu vikiangamia kwa kombora moja. Kikosi kingine kilichosafiri kwa Norland, meli ya kuvusha magari, kilishuka kwenye boti kupitia mlango wa ubavuni gizani, na kazi hiyo ikachukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa, hata saa ya uvamizi ikasogezwa.

Siku nne baada ya kushuka, tarehe 25 Mei, meli ya makontena Atlantic Conveyor ilipigwa na makombora ya Exocet. Haikuwa na silaha ya kujikinga nayo. Walikufa watu 12, akiwemo nahodha wake, Ian North, na kati ya helikopta nne kubwa aina ya Chinook za meli hiyo ikasalimika moja tu, iliyokuwa hewani. Mahema ya maelfu ya wanajeshi yakaungua pia. Hatua kwa hatua, wanajeshi waliotarajiwa kupaa hadi Stanley, mji mkuu wa visiwa hivyo, wakatembea kwa miguu kuvuka kisiwa wakiwa na mizigo mgongoni. Marubani waliorusha makombora yale hawakuwa na haja ya kuujua umuhimu wa shehena hiyo.

Hapa ndipo sheria inapoingia, ingawa wachambuzi wa kijeshi hupita juu yake haraka. Mkataba wa Saba wa Hague wa mwaka 1907 unataka meli ya biashara inayogeuzwa kuwa manowari iwe chini ya mamlaka ya moja kwa moja ya dola, iwe na alama za nje za manowari za taifa lake, iongozwe na afisa aliyeteuliwa kihalali, na wafanyakazi wake wawe chini ya nidhamu ya kijeshi. Meli ya biashara inayobeba wanajeshi bila kutimiza masharti hayo haibaki salama kwa sababu ya uraia wake: kwa kubeba majeshi inakuwa shabaha halali. Serahangi (mkuu wa mabaharia) na wapishi wake, waliosaini mkataba wa kuvusha abiria na magari, wanakuwa ndani ya shabaha hiyo pasipo kuapa kiapo chochote. Ninaamini serikali inayokusudia kuzitumia meli hizo ina wajibu wa kuwaambia mapema, kuwafundisha na kuwalipia bima familia zao, badala ya kusubiri siku ya amri.

Mjadala huu umepata uzito mpya kwa sababu ya China. Mwaka 2015 nchi hiyo ilitoa viwango vya ujenzi vinavyotaka aina kadhaa za meli za kiraia, zikiwemo zile za kuvusha magari, ziundwe kwa namna inayofaa matumizi ya kijeshi, na sheria yake ya uchukuzi wa ulinzi ilianza kutumika Januari 2017. Tangu hapo meli kubwa za kuvusha magari zimeonekana katika mazoezi, baadhi zikiwa na njia za nyuma zilizoimarishwa ili magari ya kivita yaweze kuingia majini moja kwa moja. Wanaozihesabu huzidisha idadi ya meli kwa idadi ya magari, kisha hutangaza kwamba upungufu wa meli za uvamizi katika Mlangobahari wa Taiwan umekwisha. Ninadhani wanakosea. Meli ya aina hiyo hung'ara bandarini, ambako hushusha mamia ya magari kwa saa chache; nje ya bandari inarudi kuwa ile River Clyde, yenye kila kitu isipokuwa njia ya kufika nchi kavu.

Lakini wanaozidharau kabisa wanakosea zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 yalionekana katika kiwanda cha meli cha Guangzhou matishari ya aina mpya, yenye miguu inayoshuka hadi sakafu ya bahari na madaraja marefu ya kunyooshwa mpaka ufukweni, na mwezi Machi mwaka huohuo yakaonekana yameunganishwa katika mazoezi karibu na Zhanjiang. Yakiunganishwa, meli ya kuvusha magari hufungwa nyuma yake na magari yakashuka makavu. Hiyo ndiyo ishara inayostahili kuchunguzwa kuliko wingi wa meli, kwa kuwa inaonyesha kwamba kuna watu wameketi na kulifikiria tatizo la mita za mwisho kama tatizo linalojitegemea. Daraja la namna hiyo nalo halisogei upesi, haliwezi kujificha, na bahari ikichafuka halina nguvu ya kubishana nayo. Litafaa baada ya wimbi la kwanza la mashambulizi kufanikiwa, si kabla.

Bahari kuchafuka si jambo dogo la kutajwa pembeni. Novemba 1942, nusu mwaka baada ya Madagascar, Karanja ilikuwa kwenye uvamizi wa Algeria, ikielekezwa Bougie pamoja na meli nyingine za abiria zilizogeuzwa. Mpango ulitaka petroli ya ndege za kivita ishushwe ufukweni karibu na Djidjelli, ili uwanja wa ndege wa hapo uwakinge wanajeshi na meli. Mawimbi ya ufukweni yalikuwa makubwa kiasi kwamba boti hazikuweza kufika. Petroli ikabaki melini, ndege zilizotua Djidjelli zikakosa mafuta ya kurukia, na anga ya Bougie ikabaki wazi kwa washambuliaji wa Kijerumani. Kwa siku mbili, tarehe 11 na 12 Novemba, zikapotea Cathay, Awatea na Karanja. Ndugu yake, Keren, ilinusurika vita, ikauzwa, ikapewa jina la Castel Felice, na kwa miaka mingi ikawachukua wahamiaji kutoka Ulaya kwenda Australia, ikifunga kila mara kwenye gati lenye maji ya kina na ngazi ya kushukia, hadi ilipopelekwa kukatwa vyuma mwaka 1970.